Ngozi ya Nyuma ya Sikio

Kilichonichosha katika miaka yangu ya hospitali si damu, wala harufu ya dawa, wala ile baridi ya Njombe iliyonipokea nimetoka Songea na mashati mawili mepesi. Ni maswali. Damu ukiipangusa inakwisha. Swali ukilijibu leo, kesho linarudi limevaa mgolole mwingine, linakaa kwenye benchi lilelile na kukuuliza upya kama vile hujapata kulisikia tangu uzaliwe.

Nilikuwa dresa enzi za Mwingereza, miaka ya baada ya vita. Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kufunga vidonda. Kazi yenyewe ilikuwa kusema. Bwana Mganga wetu alikuwa Mzungu mfupi wa maneno, aliyejifunza vitani kurekebisha nyuso za askari walioungua, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni: lete, ngoja, bado, mbaya. Wagonjwa nao wengi walisema Kibena tu. Mimi Mngoni niliyejifunza Kibena kwa kuishi nacho ndiye niliyekaa katikati, nikipokea maneno huku na kuyatoa kule, mpaka jioni ulimi umekuwa mzito kama umelala juani.

Jumatano ilikuwa siku ya macho na nyuso. Walikuja akina mama wa Mdandu wenye vikope, ambao nywele za kope zimegeuka kuingia ndani na kuchoma jicho kila wanapopepesa, wamezing'oa kwa kibano miaka na miaka na bado zinaota. Walikuja vijana waliorudi kutoka mashamba ya mkonge na alama za visu mashavuni, wanataka zifutwe kabla mama zao hawajaziona. Alikuja mzee ambaye kope za juu zilimwangukia kabisa, ukimsalimia ananyanyua moja kwa kidole akuone ni nani, kisha anaiachia. Na mama mmoja wa Kidugala alikuja na masikio yake yenye ndewe pana zilizochanika, akaniambia wazi kwamba sasa amebatizwa, ana gauni, ana kitabu cha nyimbo, na masikio ndiyo yanamwaibisha kanisani. Nilimtafsiria Bwana Mganga hivyohivyo. Akashona.

Na wote waliuliza. Jicho mnalitoa nje halafu mnalirudisha? Hapana, mama, halitoki. Mtanifunga macho yote mawili? Moja, labda mawili, siku chache. Sasa nani atanipeleka chooni? Kovu litaonekana? Litaonekana kidogo, litafifia. Nikirudi watanijua? Watakujua, babu, hatukubadilishi kichwa. Nikichomwa hiyo sindano ya ganzi nitasema siri zangu? Hapana, inalala kope tu, mdomo unabaki macho, kwa bahati mbaya yetu. Nitaruhusiwa lini kupika? Moshi mbaya, kaa wiki mbili. Loo, wiki mbili! Nani atapika? Na wanaume, kila mmoja bila kukosa, waliuliza kama ulanzi, pombe yao ya mianzi, unaruhusiwa, hasa kama masika yameanza na mianzi inatiririka. Bwana Mganga alisema hapana. Mimi nilitafsiri hapana. Hawakuniamini hata mmoja.

Swali gumu kuliko yote lilikuwa la ngozi. Aliyeungua uso, kovu likavuta kope chini mpaka jicho halifungi, dawa yake ni kukata lile kovu, kuiachia kope irudi mahali pake, na kuziba pengo kwa kipande cha ngozi. Kipande kinatoka nyuma ya sikio la mgonjwa mwenyewe, kidogo tu kama ukucha wa kidole gumba. Jibu zima ni hilo. Lakini siku zile watu walikuwa na hofu ya chinjachinja, wale waliosemwa wanatumwa na Wazungu kukamata watu njiani na kuwatoa damu na mafuta ya kutengenezea dawa. Ukimwambia mtu wa namna hiyo habari ya kipande cha ngozi, anatazama mlango.

Nikapata njia yangu. Wangoni na Wabena ni watani. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakaachiana wajukuu ruhusa ya kutukanana bila mtu kukasirika. Mtani anaweza kuingia msibani kwako akalalia jeneza, akakuambia marehemu alikuwa mchoyo, nawe unacheka huku unalia. Kwa hiyo mgonjwa Mbena aliponiuliza, ngozi mnaitoa wapi, nilimjibu kwa uso mkavu: “Kwa maiti. Yupo pale nyuma, wa jana, bado mbichi. Mngoni, tena. Utapata uso mzuri kwa mara ya kwanza katika ukoo wenu.” Basi benchi zima linaangua kicheko. Bibi mmoja alinijibu, “Ngozi ya Mngoni itaiba mbuzi wangu usiku, niwekeeni hata ya nguruwe!” Wakishacheka hofu imekwisha, nami nagusa nyuma ya sikio la mgonjwa na kumwambia kweli: ni hapa tu, ni ngozi yako mwenyewe. Wanakubali. Bwana Mganga alisikia vicheko kutoka ndani na akaniambia nina kipaji. Nikavimba kichwa, nisiseme uongo.

Binti mmoja alikuja wakati wa kipupwe, asubuhi ya ukungu ambapo huoni hata mti wa bendera uani. Alikuja na mama yake kutoka Makambako kwa lori. Alikuwa na miaka kama kumi na minane, mrefu, amejifunga kitenge vizuri, na upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umeungua tangu utotoni. Nyumba zetu za nyanda za juu moto hauzimwi, mtoto anabingiria tu. Kovu lilikuwa limevuta kope ya chini hadi shavuni, jicho limebaki wazi mchana na usiku, jekundu, linachuruzika. Katikati ya mboni palikuwa na alama ya ukungu, mwanzo wa chamba.

Bwana Mganga alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akaniambia kwa Kiingereza: jicho hili bado linaona, lakini linakauka, tukifunika sasa litapona, tukichelewa hata miezi michache litakufa. Nikatafsiri. Binti akaitikia kwa Kibena safi, cha kuzaliwa nacho, tena chenye adabu kuliko changu. Mama yake alinyamaza muda wote, nami nikadhani ni aibu ya wageni.

Swali lake la kwanza sijapata kulisikia kabla wala baada. Hakuuliza kovu. Hakuuliza kama atapendeza. Aliniuliza, “Baba, mkishafanya hivyo, nikilala nitaonekana nimelala?”

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema wadogo zake wanaogopa kulala naye. Wakiamka wanaona jicho limewakodolea, hawajui yuko macho, amelala, au amekufa. Wanamwita jina lake kwa sauti mpaka naye anaamka. “Nataka kulala kama watu,” alisema.

Nilimtafsiria Bwana Mganga. Akavua miwani, akaifuta, akasema mwambie ndiyo. Nikamwambia ndiyo. Akapangiwa kitanda, akatwe kesho yake asubuhi.

Sasa niseme ilivyokuwa, maana nimeizungusha hadithi hii kichwani miaka mingi nikitafuta mahali pa kujipendelea, sikupata. Ilikuwa yapata saa kumi. Nilikuwa sijala. Nimeshasema habari ya moshi mara ishirini, habari ya ulanzi mara kumi, na mzee wa kope zilizoanguka alikuwa ameninyanyulia kope yake mara tatu kuuliza swali lilelile. Wakati naandika kadi ya mwisho, binti akanisogelea na mama yake nyuma, akauliza kwa upole, “Na hiyo ngozi, baba, mtaitoa wapi?”

Hata kichwa sikuinua. “Kwa maiti,” nikasema. “Yupo pale nyuma, wa jana, bado mbichi.”

Hakucheka. Nikasikia akimgeukia mama yake na kumwambia maneno kwa lugha ambayo haikuwa Kibena. Wala haikuwa Kikinga, wala Kipangwa; hizo nazijua zikipita. Nilisikia. Siwezi kudai sikusikia. Kitu fulani kilinigusa hapa kifuani, kama mtu anayekuvuta shati, lakini nikafikiri, jamani, kesho. Nikafunga daftari nikaenda kula. Nyuma ya sikio lake sikugusa.

Asubuhi nilikuta kitanda kitupu, blanketi la hospitali limekunjwa vizuri juu yake.

Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa kijiji cha Kichiwa, aliyeshonwa kope zote mbili juzi yake, kichwa kizima bendeji. Aliposikia viatu vyangu akasema, “Kamwene, Mngoni. Wamekwenda. Alfajiri nimewasikia wakifungasha.”

“Kwa nini?” nikamwuliza, na nilijua.

“Yule mtoto alikuwa akitetemeka mpaka kitanda chake kinagonga changu. Wewe ulimtania nani? Yule si wa kwetu. Ni Msafwa, wa watu wa barabara. Baba yake amechimba mitaro hapo Makambako tangu mtoto hajaota meno, ndiyo maana anasema kama sisi. Usiku kucha aliongea na mama yake kwa lugha ya kwao, ya mbali huko Mbeya.” Kisha akaongeza, “Mimi nina bendeji macho mawili na nimemjua. Wewe umetumbua yako yote na hukumjua. Heri kujikwaa kidole, Mngoni.”

Sehemu ya pili ya methali hakuimalizia. Kila mtu anaijua.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwa binti, naungama. Ala! Mtu mzima anaambiwa maiti naye anaamini? Kisha nikakumbuka kwamba amekulia kambi ya barabara, mahali ambapo habari za chinjachinja ndizo uji na ndizo chakula cha jioni. Kule kila gari lisilojulikana likipita watoto wanaitwa ndani. Na utani kwake haukuwa kitu. Watu wake na wangu hawakupata kupigana wala kupatana, hakuna aliyenipa ruhusa. Kwake mimi nilikuwa mtu wa serikali aliyevaa koti jeupe na kumwambia, kwa uso mkavu, kitu alichokuwa akikiogopa tangu utotoni.

Bwana Mganga alikuja na mikono imeshaoshwa. Akatazama kitanda. Akaniuliza kama nilimweleza mgonjwa kila kitu. Nikasema, “Ndiyo, bwana. Kila kitu.” Akatikisa kichwa, akasema neno moja la Kiingereza ambalo sikulitafsiri, akaita mgonjwa mwingine. Uongo ule niliuficha kuliko hata utani wenyewe.

Jumapili yangu ya kwanza ya mapumziko nilidandia lori lililobeba magome ya miti ya miwati hadi Makambako. Siku zile Makambako ilikuwa njia panda tu: barabara ya Iringa na Mbeya inakutana na hii yetu ya Njombe na Songea, maduka mawili matatu, upepo usio na adabu. Nilijiandaa njia nzima. Nilipanga hata jinsi ya kuinama mbele ya baba yake. Nilifika kambini nikakuta mafiga meusi, majivu baridi, na nyasi zilizolala mahali palipokuwa vibanda. Mwenye duka akaniambia watu wa barabara walihamishwa juma lile, wamepelekwa mbele, upande wa Mbeya. Mbele wapi? Akanyoosha mkono kuelekea barabarani. Barabara ile ni ndefu.

Nilimwachia ujumbe: akipita mtu wa kambi, amwambie binti mwenye kovu arudi Njombe, dresa alikuwa anatania. Nilipojisikia nikisema maneno hayo kwa sauti, mbele ya mtu mwenye akili zake, niliona haya. Mwenye duka alinitazama kama mtu anayetaka kukopa.

Hakurudi. Nilihesabu miezi aliyosema Bwana Mganga, ikapita. Utani niliuacha. Wabena wakaanza kuninung'unikia, wakasema Mngoni amekuwa mlokole. Nikawa najibu moja kwa moja, kwa sauti ya kusoma tangazo, nikigusa nyuma ya kila sikio lililokaa kwenye lile benchi. Kazi ikawa nzito mara mbili, maana hofu iliyokuwa ikiondoka kwa kicheko kimoja sasa ilitaka maelezo ya nusu saa. Bwana Mganga akaondoka, akaja mwingine aliyejua kazi ileile na Kiswahili cha kumzidi kidogo. Mvi zikaniota. Maswali yakaendelea kuja.

Ilipita miaka ipatayo saba. Jumatano moja, kipupwe tena, nilikuwa nikipita benchi na kalamu yangu nikamwona mwanamke mrefu amekaa mwishoni, amempakata mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Nilimjua kabla sijafika. Jicho lake la kulia lilikuwa jeupe lote, kama yai lililochemshwa. Lilikuwa bado wazi.

Mtoto alikuwa ameungua uso. Kidonda kilikuwa kimepona na kovu lilikuwa limeanza kuvuta kope ya chini, upande wa kushoto.

Sijui kama alinitambua. Mimi nilikuwa nimenenepa, mvi, miwani. Nikamsalimia, akaitikia kwa Kibena chake kilekile kizuri. Nikamwuliza mtoto aliunguaje. Akasema alikuwa amekaa jikoni anakoroga uji, mtoto anacheza kando yake. “Alikuwa upande wangu huu,” akasema, akagusa shavu lake chini ya lile jicho jeupe. “Sikumwona anakwenda. Nilisikia tu.”

Nikashika ukingo wa benchi. Nilitaka kumwambia hapohapo ni mimi, ni mimi, lakini foleni yote ilikuwa inatusikiliza, na mganga mpya ameshamwona na kusema ndiyo, atamkata kesho, jicho ni zima. Nikamtafsiria. Nikasubiri swali. Nilijua linakuja, nami safari hii nilikuwa nimeweka kalamu chini.

Hakuuliza. Alimweka mtoto vizuri mapajani, akavua kitambaa cha kichwa, akainamisha shingo mbele yangu mbele ya watu wote. Akakunja sikio lake kwa vidole, kisha akanyoosha na mkono, akaugeuza upande wa ndani.

“Najua mnakoitoa ngozi,” akasema. “Mwanangu msimwekee ya maiti. Nimekuja nayo mwenyewe. Kateni popote kwangu, hata uso, wangu umeshaharibika.”

Nilipiga magoti, mtu mzima, kwenye saruji ile ya baridi. Nikamwambia hakuna maiti. Hakujapata kuwa na maiti. Ngozi ya mama haishiki kwa mtoto, ya mtu mwingine yeyote haishiki. Ni ya mtoto mwenyewe, kidogo tu. Nikanyoosha kidole nikagusa nyuma ya sikio la binti yake. Mtoto akacheka, alitekenyeka.

“Ni hapa tu,” nikasema.

Alipatazama mahali pale kwa muda mrefu, kwa jicho lake moja.

“Hapa tu?”

“Hapa tu, mama.”

“Na siku ile?” akauliza. Basi alikuwa amenijua tangu mwanzo. “Siku ile mimi nilipokuja, ilikuwa ni hapa?”

Katika maswali yote niliyoulizwa kwenye benchi lile, hilo ndilo pekee ambalo ningelipa chochote nisilijibu.

“Hata siku ile,” nikasema. “Ilikuwa utani. Nilikuwa nimechoka.”

Hakunitukana. Aliinua mkono taratibu, akapapasa nyuma ya sikio lake mwenyewe, ngozi nzima isiyo na alama yoyote, akaushikilia pale. Kisha akajifunga kitambaa, akanipa mtoto nimpeleke wodini.